Wavu wa Nje

Jumatatu, 4 Machi

Joto la kupasua kichwa. Nimefika vizimbani asubuhi nikakuta sato wa kizimba cha tatu wote wako juu, midomo wazi, wanabwia hewa. Mama mkwe, Mama Aku, kachungulia kutoka kwenye mtumbwi, kasema wanaimba kwaya. Kwaya gani, nikamwambia, hawa wanakosa pumzi. Tumewashindilia mno, na mto nao umelala, hauleti maji mapya.

Kobla hakutaka kusikia. Mume wangu huyu anaamini kizimba ni gunia la mahindi – ukilitikisa linabeba zaidi. "Samaki hajawahi kulalamikia chumba kidogo," akasema. Leo analalamika, nikamjibu, njoo umsikilize. Akaja, akaangalia, akakuna kidevu. Basi, tutawagawa. Nusu wanahamia kizimba kitupu cha upande wenye mkondo. Amenuna, ila amekubali. Usiku nimempikia akple, ugali wa kwao, na mchuzi mzito wa bamia, asije akabadili mawazo.

Jumatano, 6 Machi

Tumehamisha. Mgongo si wangu tena. Lakini jioni tulipomwaga chakula maji yalichemka – wanakula kama wageni wa harusi. Kobla ameanza kusimulia kana kwamba wazo lilikuwa lake. Namwachia.

Jingine: samaki wa kuuza siku hizi nawapiga rungu la kichwa, pigo moja, mara tu wakitolewa majini. Zamani tuliwaacha watapetape kwenye beseni hadi wafe wenyewe. Mama Aku, ambaye ndiye anayewakausha kwa moshi na kuwapeleka sokoni, alisimama akanitazama.

"Na msamaha unamwomba?"

Siku nyingine namwomba, nikasema. Alicheka hadi kitambaa cha kichwa kikamvuka. Baadaye akakiri kwamba nyama inatulia, haimeguki motoni. Alikiri kwa sauti ndogo. Nimesikia.

Jumamosi, 9 Machi

Fisi maji! Wametoboa kizimba, wamekula vichwa, mikia wametuachia. Wastaarabu kweli.

Nikakumbuka nyavu za Kobla za enzi zake za uvuvi, zimelala nyuma ya jiko bure. Tumeziunga, tumezungushia vizimba vyote. Wavu wa nje. Wazo langu, jasho lake. Alikuwa akifunga kamba huku anaimba nyimbo za kanisani kwa maneno ya kwake. Fisi maji watafute hoteli nyingine.

Jumanne, 12 Machi

Tumepata mgeni. Nilikuwa nimeinama nakaza boya, nikasikia mtu anapumua kando yangu – puuh, kama mzee aliyemaliza kupanda kilima. Kugeuka, pua. Pua pana yenye ndevu ngumu, kisha mgongo wa kijivu ukapita polepole chini ya mtumbwi. Nguva wa mtoni. Tangu niolewe huku sijamwona kwa karibu hivyo. Anakula magugu maji yaliyosongamana kati ya vizimba na ukingo, yale yale tunayovunjika viuno kuyang'oa. Na ubavuni kwake kichwa kingine, kidogo. Ana mtoto.

Nimewasimulia wakati wa chakula. Mama Aku macho yakawaka. Anasema nguva ni bucha zima: mbavu nguruwe, shingo ng'ombe.

"Mama, ni marufuku," Kobla akasema. "Utafungwa."

"Sufuria yangu haijui kusoma."

Tukacheka. Mimi nilicheka kidogo tu.

Alhamisi, 14 Machi

Nguva na mwanawe wako palepale. Magugu ya ukingoni wameyapunguza, sasa wanafuata yaliyobaki kwenye wavu wa nje. Nyuzi zenyewe nyembamba, mnyama hazioni. Nikamwambia Kobla tuutoe.

Akasema tusubiri Jumamosi ipite. Ni mazishi ya dada yake chifu, na kizimba cha kwanza chote kimeagizwa. Tukiutoa leo, fisi maji watakula matanga kabla ya wafiwa. Ameeleza vizuri. Ningependa kuandika hapa kwamba nilibishana. Sikubishana.

Ijumaa, 15 Machi

Nguo bado hazijakauka.

Mchana nilisikia kelele ukingoni. Kizimba cha kwanza kimelala upande, boya la kona limezama. Nguva mama kanasa. Ule wavu umemviringa pezi, ukajisokota na kamba ya nanga, na kila akivuta unamrudisha chini. Mtoto yuko upande wa pili, anazunguka, anazunguka.

Tulipofika kwa mtumbwi, sote watatu, Kobla aliruka na nguo zake zote. Akaingiza bega chini ya kichwa cha yule mnyama, akakiinua hadi pua ikatoka. Puuh – usoni mwake. "Ananuka majani," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia. Hakuweza kumshika muda mrefu. Ni kama kushikilia ng'ombe mtoni.

Watu walikuwa wamejaa ukingoni. Tornyeli, jirani yetu mvuvi, kaja na mtumbwi na panga, na wenzake nyuma. "Kobla, usimwachie! Tunakuja tugawane."

Hapo Mama Aku akasimama katikati ya mtumbwi wetu, kisu chake cha kupasulia samaki mkononi. "Yuko kwenye kamba za mwanangu. Ni wetu. Anayetaka kipande alete beseni na kuni. Mkono mtupu haulambwi."

Wakakimbia kuvifuata! Hata Tornyeli akageuza mtumbwi. Kufumba na kufumbua ukingo mweupe.

Nikashuka majini, nikapapasa kamba. Kukata wavu peke yake hakutoshi, ilibidi kamba ya kona pia ikatwe, na ikikatwa kizimba kinafunguka. Kobla alijua. "Samaki wa mazishi watakwenda," alisema, maji yakimwingia mdomoni. Hakuwa ananikataza. Alikuwa anasema tu.

"Mama," nikasema, "nipe kisu."

Hakunipa. Alimtazama nguva, akatazama njia waliyopita wale watu. Yule mdogo akaja akaweka pua kwenye wavu kwa nje, mahali hasa alipokuwa mama yake. Mama Aku akasonya. Akanigeuzia kisu, mpini mbele.

"Haraka basi. Tornyeli ana miguu myepesi."

Nikakata. Kamba ikaruka kama nyoka, kizimba kikapiga magoti, na sato wote wa mazishi wakatupita miguuni wakielekea baharini. Nguva alizama. Kobla akabaki ameshika maji.

Waliporudi na mabeseni yao, Mama Aku ndiye aliyewakaripia. Mmechelewa, akawaambia, mgeni kasema hawezi kusubiri.

Kama alikuwa ananisaidia tangu mwanzo, au alibadili moyo pale pale, sijui. Nilimuuliza. Akaniambia nisugue kisu chake, nimekitia kutu.

Jumamosi, 16 Machi

Mazishi. Tumekusanya samaki wadogo kutoka vizimba vingine, aibu tupu. Mpishi mkuu kayatazama mabeseni yetu kama tumemletea dagaa. Mama Aku akapakua kapu zima la samaki wake wa moshi, wa soko la wiki nzima, akaliweka mbele yake. Tornyeli alikuwa amekaa mbele yetu. Hakutusalimu.

Jumapili, 17 Machi

Mama nguva hajaonekana. Mtoto hajaondoka. Yuko hapa tangu asubuhi, anasukuma boya kwa pua, anapumua, anazama, anarudi.

Nimempigia simu bwana samaki, yule afisa wa uvuvi. Anasema tusimguse, tusimlishe, mitumbwi ikae mbali. Huenda mama ana jeraha na yuko karibu anasikilizia. Atakuja kesho. Nikamuuliza, na kama mama hatarudi? Akasema kesho tutaongea.

Wavu wa nje uko nchi kavu, Kobla ameukatakata vipande. Fisi maji wamerudi usiku wa kuamkia leo, nimeona mikia. Kobla amekaa kivulini anasuka uzio wa mianzi, kila pengo analipima kwa ngumi, halafu anaonekana kufikiri, anapima tena kwa ngumi mbili, kama anapimia pezi, anafumua, anaanza upya.

Tornyeli naye yuko juu kidogo ya mto, ndani ya mtumbwi. Hajatupa wavu. Anatazama tu upande wetu. Anangoja nini, sijui, na sithubutu kwenda kula.

Mama Aku yuko chini ukingoni, gauni kalipandisha magotini, anachuma magugu maji. Anachagua yale laini ya nchani tu. Beseni limejaa na bado anachuma. Nimempigia kelele, Mama, hayo ya nini?

Ya mbuzi, kasema, bila kuinua kichwa.

Hatufugi mbuzi.