Baba Hataki Tena Nimbebe

Mpendwa mshauri wa redio, naomba msaada, ingawa kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa, maana mtaa mzima huu hakuna mgongo kama wangu, uliza duka la vifaa vya ujenzi ninapopakua mizigo, lori la saruji likija wenzangu wanabeba mfuko mmoja mmoja huku wanaguna, mimi nabeba miwili na mluzi napiga, ndiyo maana naitwa Kreni, shule niliiacha njiani lakini saruji haiulizi cheti.

Sasa baba yangu, fundi rangi, mtu aliyekuwa anaimba juu ya ngazi, figo zake zilikufa miaka mingi iliyopita na anaishi kwa mashine ya kusafisha damu hospitalini, akitoka pale anakuwa kama tambara lililokamuliwa, kizunguzungu, miguu haimsikii, nikaona hii si ndiyo kazi yangu, nikawa nambeba mgongoni mpaka kitandani, chooni, kwenye gari, kila mahali, na wagonjwa wa pale wakituona wanashangilia, "Kreni kaingia!", nami nazunguka naye kidogo wafaidi.

Nesi mmoja akaniambia, "Kaka, mwache atembee, hata mpaka mlangoni tu. Miguu yake inakwisha."

Nikamjibu, "Sista, mwenye gari anatembea?" Wote wakacheka, isipokuwa yeye na baba.

Miguu kweli ikaisha, hata kuinuka kitini mpaka ashike meza, halafu juzi katoka kwenye mashine, nimeinama apande, akasema mbele ya watu, "Simama wima, mwanangu. Mimi si mfuko wa saruji." Safari hii nilichekwa mimi. Nesi akampa mkono, wakaenda polepole, na akafika kwenye gari, mshauri, alifika!

Tangu siku hiyo hataki nimguse, hali chakula, analala mchana kutwa, kichwa kinamuuma, kesho ni siku ya mashine na anasema haendi, asipoenda maji yatamjaa mwilini, nami situlii, nakaa nasimama, nafungua mlango nafunga. Nipe maneno ya kumlainisha akubali kubebwa, maana maneno ndiyo mzigo pekee unaonishinda.

Mama tulimwambia baba aliteleza. Hakuteleza. Tulipofika nyumbani siku ile alininyooshea mkono nimshike kwenye ngazi ya mlangoni, nami bado nina hasira ya kuchekwa, nikarudi nyuma, nikafunga mikono kifuani nikasema, "Si unajua kutembea? Haya, tembea." Akaanguka, kichwa kikagonga ukingo wa ngazi. Nilikuwa karibu. Ningeweza kumdaka.

Kreni

JIBU

Kreni, barua yako nimeiacha mezani nikapiga namba uliyoiandika. Simu inaita tu. Kwa hiyo nasema hapa hapa redioni, na jirani yeyote anayemjua huyu kijana akamgongee mlango sasa hivi.

Acha habari ya maneno matamu. Wagonjwa wa mashine mara nyingi hupewa dawa ya kuzuia damu isigande. Aliyegonga kichwa anaweza kuvuja damu ndani kidogo kidogo, nyinyi mkadhani ana usingizi tu. Usingoje kesho. Mpeleke hospitali, kitengo cha dharura, uwaambie yuko kwenye mashine, alianguka, kichwa kinamuuma na analala kupita kiasi. Useme wewe. Usimwachie mzee kazi ya kukufichia aibu.

Leo mbebe, lakini mwombe kwanza. Mwambie, "Baba, nilikosa, naomba nikubebe leo."

Nakuonea huruma, mwanangu, wengi wasingembeba hata mara moja. Lakini ulimgeuza baba yako kuwa mchezo wa kushangiliwa, na nesi alipokuonya ukaleta mzaha. Mwili ule mashine inauchosha, na kukaa bila kutembea kunaumalizia. Akipona, rudi kwa nesi yule yule, bila vichekesho, umuulize atembee kiasi gani, ale nini, na akitoka kwenye mashine akae muda gani kabla ya kusimama. Kisha utembee kando yake kwa mwendo wake. Utaona saruji ni nyepesi kuliko mwendo huo.

Na mama yako mweleze ukweli mkiwa njiani.

Mkono alikunyooshea. Nenda kaushike.