Wamepatana, Lakini Hawajapatana

Shemeji yangu Byamungu,

Ukisikia maneno haya yakitoka kwa sauti ya mwanamke, usishtuke, sijageuka. Mimi bado ni yule mzee wa meno machache na maneno mengi, kaka ya marehemu mke wako Nduku, na niko hapa hapa Masii uliponiacha. Nimeandika mimi, na mama mmoja wa redio ya huko kwenu amekubali kusoma. Wengine mnaosikiliza mnisamehe. Barua hii ni ya mtu mmoja tu, lakini kwa vile sijui yuko wapi, imebidi niitume kwa kila mtu.

Simu yako nimepiga mpaka yule msichana wa kwa mtambo tumezoeana. "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Siku moja nikamuuliza, "Wee mtoto, na wewe huchoki? Umeolewa kweli?" Akarudia vile vile. Nikazima nikakaa na simu mkononi kama mtu ameshika yai.

Unakumbuka ulivyotufikia? Amplifaya ya kanisa ilikuwa imekufa siku ya harambee, mchungaji anapayuka kama muuza kuku. Wakakuleta kutoka Machakos mjini, kijana mwembamba, suruali imepigwa pasi ikakata hewa. Ukafungua ile kitu, ukatoa kiota cha panya, ukachomelea waya, sauti ikarudi. Nduku alikuwa kwa kwaya, mstari wa mbele. Ukamwangalia ukasema, "Aksanti." Yaani wewe ndiye umetusaidia na wewe ndiye unashukuru! Nikajua hapa kuna mambo.

Mlipooana soko lote likasema Mkamba na Mkongo wameoana, sasa uchawi umefanya muungano. Na wewe unajua vizuri ni nani aliyeanzisha hayo maneno.

Uliniita semeki. Nikakusahihisha mara nyingi: "Sema shemeji." Ukanijibu, "Semeki, shemeji, bote banakula kwangu bila kuitwa." Nduku akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Tangu siku hiyo nilikuja kula na kiburi, kama mtu mwenye cheo.

Siku ile nyingine nikakutania, ati umetoka Masisi ukafika Masii, umepoteza herufi moja tu njiani. Ulikuwa unapuliza vumbi kwa redio ya mtu. Ukasema bila kuinua kichwa, "Hapana semeki. Nilipoteza na ng'ombe. Na baba." Nikakushikia hiyo redio mpaka chai ikaletwa, bila utani mwingine. Unajua hiyo kwangu ni safari ndefu.

Na ile vita ya majani ya muhogo! Sisi huku tunang'oa muhogo tunakula mzizi, majani ni ya mbuzi. Nikaja nikakuta dada yangu, mtoto wa mwaitu, mama aliyenizaa, anatwanga majani kwa kinu. Nikapiga kelele, "Byamungu! Tulikupa msichana, hatukukupa mbuzi!" Ukaniwekea hiyo sombe na ugali. Nikala, nikaongeza, nikasema ni mbaya, nikaongeza tena.

Lakini raha yetu hasa ilikuwa dukani kwako siku ya soko. Redio zimepangwa ukutani, zingine hazina mgongo, zingine zimefungwa na raba, na zote zinasema. Wazee tunakaa kwa ile benchi tunasikiliza vita vya kwenu kama watu wanasikiliza mpira. Mimi nilikuwa upande wa kusema ni mawe tu, hayo madini ya simu. Kama chini ya Masisi kungekuwa na viazi peke yake hakuna mtu angejua iko wapi. Mutisya wa bucha alisema hapana, ni jirani yenu ndiye anawapa waasi bunduki. Tukipandisha sauti, unachukua redio mbili, moja ya stesheni hii, nyingine ya stesheni ile, unaziweka kwa meza zikiangaliana. Moja inasema waasi wametoka kwa mji. Nyingine inasema waasi wameingia kwa mji, mji ule ule, saa ile ile. "Bazee," unasema, "acheni izi zigombane. Nyinyi mukunywe chai."

Kisha ikafika ile siku. Nduku tulikuwa tumeshamzika, na wewe ulikuwa umeanza kufungua duka umechelewa na kufunga mapema. Mwende wa chai akaingia na sinia, anapiga mdomo kabla hajaweka vikombe.

"Wazee, si hao wenu wamepatana!"

"Nani?"

"Hao wa Kongo. Wakubwa wenyewe, na yule jirani wao. Wamepatana Nairobi kwa hoteli kubwa, nimewaona kwa simu wakipigwa picha. Mzee, wewe ulisema sukari ngapi?"

Uliweka chini kile chuma cha kuchomelea. Uso wako ukafanya kitu sijawahi kuuona ukifanya, hata kaburini. "Bamepatana?" ukauliza. Mwende akasema eeh, asubuhi. Ukalia, shemeji. Mtu mzima, mbele ya wateja. Na mimi mjinga nikacheka, nikafikiri Mkongo huyu ana machozi ya bei rahisi, watu wameonana tu yeye analia.

Ni kule nyumbani, ukikunja shati zako za kurudi kwenu, ndipo nikashika maneno. Ikabidi nikufundishe Kiswahili cha Ukambani. "Shemeji, huku mtu akikwambia tupatane Jumatano hapo stendi, si ati mlikuwa mmekosana. Ni kuonana tu. Mwende amesema wameonana."

Ukashika shati hewani. Ukasema, "Kwetu mutu hawezi kupatana na mwenzake kama hajaachilia roho."

"Basi hawa wamepatana, lakini hawajapatana."

Nilidhani utacheka. Hiyo ilikuwa kati ya nzuri zangu. Ukalikunja hilo shati, ukalilaza juu ya mengine, ukasema polepole, "Basi semeki, na mimi niende tupatane na mama. Kwa Kiswahili chenu."

Mama yako alikuwa anazeeka kule kilimani, hamjaonana tangu ukiwa kijana, na huku mke ameshakwenda. Ningekushika na nini? Na maneno? Maneno ndiyo hayo yalikuwa yanakupeleka. Nikabeba begi lako mpaka stendi, nikakutukana kidogo ili watu wasione uso wangu. Ukapiga simu ukifika Kampala. Ukapiga ukivuka mpaka. Ukapiga mara moja kutoka kwa mama, nikamsikia nyuma yako akiuliza huyo mwenye kelele ni nani, ukasema, "Ni semeki." Halafu ile picha ya hotelini ikaharibika. Siku zile zile redio zikasema risasi zimeanza tena milimani, kila upande unasema ni ule mwingine ulianza. Na simu yako ikaingia kwa yule msichana.

Sasa nikwambie ya huku. Duka lako limekodiwa na kijana wa kuuza kava za simu. Redio moja tu nilichukua, ile ya kijani. Nikifungua nasikia wamepatana tena, mara kwa Waarabu, mara ng'ambo kwa wazungu. Wanasaini, wanapeana mikono, halafu kila mmoja anatoka nje kwa maikrofoni yake anasema yule mwingine ni mwongo. Mimi nasema kwa sauti, "Ni mawe hayo!" na hakuna mtu wa kunipinga. Mutisya sukari imemshika miguu, haji sokoni. Sikujua kukosana pia kunataka watu wawili. Muhogo wenu umekuwa miti. Nilijaribu kutwanga majani mwenyewe, nikapika, nikakaa mezani. Hakuna mtu wa kuambiwa ni mbaya, shemeji. Nikawapa mbuzi.

Hivi majuzi nilienda Machakos mjini kuonyesha macho kwa daktari. Nikapita kwa hoteli moja nikaona kitambaa kimetandazwa kwa geti: mazungumzo ya amani ya mashariki ya Kongo. Nilikuwa na lile koti langu la matanga, nikaingia. Msichana wa mezani akauliza, "Mzee, wewe ni mjumbe wa wapi?" Nikasema, "Masii." Akaandika kwa kadi, akanivisha shingoni, akanisindikiza kwa heshima mpaka mbele. Nilipokaa ndipo nikasoma. Ameandika Masisi.

Sikumsahihisha. Kwanza, kiti kilikuwa karibu na chakula. Pili, nilitaka kuona watu wa kwenu.

Shemeji, walibishana asubuhi nzima juu ya mstari mmoja wa karatasi. Mmoja anasema waasi watoke kwanza ndiyo bunduki zinyamaze. Mwingine anasema bunduki zinyamaze kwanza ndiyo watu watoke. Nilitafuta benchi yetu kwa macho. Walifanana na sisi kabisa, ni vile wao walikuwa na maji ya chupa. Halafu mwenye kikao akauliza kama mjumbe wa Masisi ana swali, wote wakanigeukia. Nikasimama.

"Mimi sina swali," nikasema. "Mimi niko na shemeji."

Wakacheka kidogo. Nikawaambia jina lako, na jina la kilima chenu, na kwamba mama yako yuko hapo. Nikawaambia, "Hii S ya pili kwa kadi si yangu, mimi ni wa Masii hapo Mwala. Lakini mtu ni wangu." Hapo hawakucheka. Mwenye kikao akasema, "Asante mzee, tutaliweka kwenye maazimio." Sijui umewekwa sehemu gani. Natumaini ni mahali pakavu.

Wakati wa chakula mama mmoja akaja na sahani yake akakaa kando yangu. Ndiye huyu anayekusomea. Akataka kujua jina la kilima tena. Nilipolitaja akaacha kutafuna. "Kule batu balitoka bote, baba," akasema. "Bengine kambini, bengine porini, bengine..." Akanishika mkono, wangu ulikuwa na mafuta ya kuku. Kisha akasema kwa redio yao wanasoma barua jioni, za watu waliopotezana. "Andika. Batu banasikilizaka." Nikamuuliza, watu huwa wanajibu? Akasema, bengine.

Ndiyo hii nimeandika. Kiswahili changu ni cha darasa la sita, lakini wewe umeshakizoea.

Kwa hiyo, shemeji. Ukisikia tena kwamba wakubwa wamepatana, usisogee kutoka mahali ulipojificha. Waache wapigwe picha kwanza. Lakini wewe na mimi hatuna mkataba wa kungoja. Kama uko na miguu, kuja. Kama mama bado yuko, kuja naye, chumba cha Nduku nimefagia, na huku milima si mirefu atachoka kidogo tu. Kama mama hayuko, kuja hivyo hivyo. Na kama miguu haiko, au wewe mwenyewe... aa. Hiyo sitaandika. Mtu mmoja aniambie tu uko wapi, nitakuja na hii kadi ya mjumbe, kwa mara ya kwanza itakuwa imesema ukweli.

Ubaki salama, Byamungu, wewe na jina lako la Mungu. Nakusalimia kwa sauti yote niliyo nayo.

Na wewe mama wa redio, umefika mwisho, Mungu akubariki. Naomba kitu kimoja. Ukimaliza usiweke muziki haraka. Huyu mtu ana tabia ya kujibu redio kama anaongea na mtu. Nyamaza kidogo, umpe nafasi.

Ni mimi,
semeki wako.