Mkebe Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi
Nimekagua mikebe ya mchezo, ile niliyoificha upande wa Kanja ili watu waitafute kwa ramani ya simu. Namba 5, kavu. Namba 6, kifuniko kina kutu, nibadilishe. Namba 7, mpakani chini ya matoka, yale maua ya kuonyesha mpaka, iko sawa. Wageni wawili wametia sahihi kwenye daftari lililomo ndani yake. Wametoka Kibirichia kwa miguu, siku tano. Simu iliwafikisha karibu, wakatafuta kwa macho. Mmoja amechukua kalamu, akaacha kifungo cha buluu. Ndiyo sheria: ukichukua, unaacha.

Jumatano, 5 Machi
Namba 7 haipo. Shimo limeachwa wazi.
Ni shemeji yangu Njeru, tunayepakana naye shamba. Ameupeleka mkebe kwa mzee wa kijiji, umefungwa kwa gunia kama nyoka. Anasema nimezika majina ya watu. Uchawi. Au nasogeza mpaka. Hajaamua ni lipi.
Nina hasira. Mwandiko huu ni mbaya.

Alhamisi, 6 Machi
Kosa moja ni langu. Hakuna anayetia jembe mpakani bila jirani kusimama hapo. Hata mtoto anajua. Niliona maficho mazuri, nikasahau.
Hilo nalikubali. Uchawi, hapana. Sasa wanataka niing'oe mikebe yote kumi na mmoja na kuchoma madaftari. Miaka minne ya kazi yangu. Mwalimu wa kwaya ameniambia niombe radhi kwa yote, yaishe. Sitaki yaishe hivyo.

Jumamosi, 8 Machi
Kikao kwa mzee. Ua ulijaa. Njeru alisema kwanza, akasema sana.
Nilifungua mkebe mbele yao. Mama mmoja alirudi nyuma. Nikasoma majina yote kwa sauti. Wa Meru, wa Runyenjes, Mjerumani mmoja. Hakuna aliyeanguka.
Nikasema, "Mpakani nilikosea, shemeji. Nitauzika hatua mbili ndani ya kwangu, wewe ukiwa umesimama. Lakini daftari halichomwi. Na ile mingine haitoki."
Njeru akauliza, "Hatua zako ama zangu, Mama Ndwiga?"
Watu walicheka. Yeye hakucheka. Mzee akaamua ziwe za Njeru. Njeru ni mrefu kama mlingoti. Nikakubali.
Tulienda wote. Alipiga hatua mbili kama anayeruka mtaro. Ziliishia katikati ya viazi vyangu. Nikachimba hapo hapo, nikang'oa mashina mawili, nikazika. Sikumwangalia usoni.

Jumapili, 16 Machi
Nimepitia namba 7 baada ya kanisa. Udongo umefukuliwa, ukarudishwa vizuri, ukakanyagwa.
Daftari kavu. Jina jipya, kwa penseli, herufi kubwa: NJERU. NIMEPIMA. HATUA NI MBILI.
Kifungo cha buluu hakipo. Kuna msumari mpya wa inchi tatu.
Nimefunga kifuniko. Namba 6 bado ina kutu.