Mchicha wa Pipani

Mwenzangu, uko wapi? Nimejifungia kwenye gari, sijui uso niuweke wapi.

Leo si ndiyo tulikuwa na wakulima, tunakusanya maoni kuhusu ile sera ya kutumia tena majitaka yaliyosafishwa? Nami na mdomo wangu huu nikashika kipaza sauti: "Maji haya ni salama. Mboga zake hata wanangu nawapikia!" Makofi ukumbi mzima.

Mama mmoja mkulima akainuka, akanikabidhi mfuko wa mchicha alioumwagilia kwa maji hayohayo. "Kawapikie wajukuu zangu." Nikamkumbatia kabisa, bosi anatabasamu.

Halafu nikaingia chooni nikautupa kwenye pipa.

Nimeutupa, mwenzangu! Mimi! Sera nimeiandika mwenyewe, majibu ya maabara nimeyasoma mwenyewe, yote safi. Lakini nilipowaza sahani ya kitindamimba wangu, mkono ukafanya wenyewe.

Sasa natoka, nafungua gari, nasikia "Mwanangu! Mwanangu!" Ni yule mama, anakuja mbio, mfuko unachuruzika maji.

"Umesahau mboga zako chooni."

Chooni, mwenzangu. Hakusema pipani! Wala hakunifokea. Angenifokea ningepata nafuu. Aliuweka mfuko taratibu kwenye kiti, akanishika bega.

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Nimezisuuza upya, kwa maji ya bomba."