Kicheko cha Safu ya Mbele

Jumatano, 4 Machi

Nimeitwa na mtayarishaji. Nikanyoa, nikavaa shati la pasi. Njiani najiambia leo ndiyo leo, Shemeji anarudi kwenye kipindi.

Wapi!

Kazi aliyonipa ni ya kupasha watu moto. Yaani kabla kamera hazijawashwa natoka mbele ya pazia, nawachekesha watazamaji waliokaa ukumbini mpaka wachangamke, halafu najiondokea na Mheshimiwa anaingia. Mheshimiwa! Tulianza naye kwenye kumbi za harusi, maikrofoni moja, tunapokezana. Kipindi kilikuwa chetu wawili: yeye bwana mwenye nyumba, mimi shemeji aliyekuja kusalimia na asiondoke. Misimu mitatu sikuondoka. Kisha wakaniondoa kwa sentensi moja — mke wa kwenye mchezo anafungua friji na kusema, siku hizi vitu vinabaki, tangu Shemeji asafiri. Basi. Nimesafiri. Mtaani wananiuliza nimerudi lini.

Mtayarishaji kasema nianze na hii, watu wakionyesha wamenikumbuka ataangalia. Anaangalia tangu mwaka jana. Nimekubali. Sina mbele wala nyuma, ningesema nini?

Jumamosi, 7 Machi

Kurekodi. Nguo nimebadilishia stoo ya nyuma ya jukwaa, kati ya viti vibovu na ule mlango niliokuwa nikiingilia kwenye mchezo. Chumba changu cha zamani kina jina la Mheshimiwa mlangoni. Na kapeti.

Dada alikuja! Tangu mumewe azikwe hajatoka zaidi ya dukani, na hata mimi ninayekaa naye nyumba moja nimeshasahau meno yake. Alikaa safu ya mbele, mtandio mpaka kwenye nyusi, kama aliyeitwa kutoa ushahidi.

Watu walikuwa wagumu. Nikawatupia kichekesho cha foleni ya benki, wakanitazama tu. Ndipo nikamtoa marehemu. Sikupanga. Nikawaambia niliwahi kuwa na shemeji wa kweli, aliyekuwa akitafuta miwani huku ameivaa. Nyumba nzima tunatafuta. Mimi niko chini ya kitanda, kwa heshima zote, maana kumwambia shemeji mkubwa kwamba miwani iko usoni ni kumvunjia heshima. Siku moja akanikazia macho kupitia miwani hiyo hiyo, akasema: "Wewe hutafuti kwa moyo."

Dada akacheka. Kile kicheko chake cha tangu utotoni — kinaanza na kwikwi, kinakatika, unadhani kimekwisha, halafu kinapasuka. Mama alikuwa akimfukuza mezani kwa ajili yake. Ukumbi mzima ukamfuata. Wengine walikuwa wanamcheka yeye, si mimi. Sikujali. Nusura nilie pale mbele za watu.

Kisha akajiziba mdomo, akainuka, akatoka mbio kabla Mheshimiwa hajaingia. Nyumbani nimemkuta jikoni anaosha sufuria safi. Anaona aibu. Mjane gani anacheka hadharani? Wakwe wakisikia je? Nikamwambia marehemu angecheka kuliko yeye. Akachukua sufuria nyingine safi.

Alhamisi, 12 Machi

Kipindi kimerushwa. Tuko sebuleni, mimi na dada. Mheshimiwa anakaa kwenye kiti, kiti kinavunjika. Hicho tu! Mle ukumbini hakuna aliyecheka, nilikuwa nyuma ya pazia nikisikiliza. Mtu mmoja alikohoa.

Kwenye runinga: kwikwi. Kimya. Halafu mpasuko, na ukumbi mzima nyuma yake.

Nilipigwa na butwaa. Dada akaganda na kikombe mkononi. Akasema polepole: lakini mimi wakati huo nilishatoka ukumbini.

Ijumaa, 13 Machi

Nimemfuata fundi sauti. Mtu mwema, kwa hiyo hakuniangalia usoni. Akasema kaka usinichukie, ndiyo kazi. Kumbe maikrofoni za juu ya viti zinawashwa tangu natoka mimi. Vicheko vyangu wanavikata, wanaviweka akiba, wanambandika navyo Mheshimiwa kila kichekesho chake kinapododa.

Mtayarishaji anajua? Akaguna. Ndiye anayewapelekea wadhamini: sikieni watu wanavyovunjika mbavu, Shemeji wa nini tena?

Kwa hiyo nikichekesha vizuri, najifukia mwenyewe. Nikichekesha vibaya, nafukuzwa. Na kile cha marehemu! Wamekitoa kwenye miwani yake wakakiweka chini ya matako ya Mheshimiwa. Hilo linaniuma kuliko nafasi yenyewe. Hapana — naongopa. Yote mawili yananiuma.

Jumatatu, 16 Machi

Nimekata shauri. Jumamosi natoka mbele ya pazia na sichekeshi. Nitawasomea maelekezo ya kutunza betri ya gari, mwanzo mpaka mwisho, uso mkavu. Niwaache wamepoa, tuone Mheshimiwa atabandikwa nini. Wadhamini wamsikie alivyo bila mimi! Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Kuchosha watu ni kazi, jamani. Mara mbili nimejichekesha mwenyewe.

Mheshimiwa kapiga simu, sauti ya asali. Eti mimi ni nguzo, eti bila mimi hakuna kipindi. Ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamuuliza kile kicheko cha kiti kilitoka wapi. Akajibu: ah, kaka, kicheko kina mwenyewe? Kikishatoka kimetoka.

Nikamkatia.

Alhamisi, 19 Machi

Balaa. Mama mkwe wa dada amepiga simu. Dada alipokea akiwa wima, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mama wa watu kamsikia kwenye runinga — anasema kicheko hicho hakina pacha. Nikajua sasa ni matusi. Kumbe analia kwa furaha. Mwanangu, anamwambia, tulidhani na wewe tulikuzika naye.

Leo dada amefungua madirisha yote. Amenitania kitambi. Na Jumamosi anakuja kurekodi na mama mkwe wake! Keshamwahidi kwamba nitasimulia ya miwani. Amezaa mwenye miwani, naye hajaisikia.

Sijamwambia dada yaliyoko kwa fundi sauti. Ningeanzia wapi? Amekula sahani mbili.

Jumamosi, 21 Machi

Stoo. Nimekalia kile kiti kilichovunjika, wamekiunga kwa gundi. Karatasi ya betri iko mfukoni.

Nimechungulia pazia. Safu ya mbele: dada, mtandio umeshuka mabegani. Mama mkwe pembeni yake, mkoba magotini, amejipodoa kama anakwenda kupiga picha. Na juu ya vichwa vyao inaning'inia maikrofoni ambayo haikuwapo. Fundi sauti aliona ninavyoitazama, akainama chini. Mheshimiwa ndiye aliyetaka iwekwe hapo, akanong'ona.

Mwenyewe amepita sasa hivi, poda mpaka shingoni. Kaka, yule mama wa kwikwi yupo leo? Nipashie vizuri, mwenzio leo naanguka kwenye ngazi. Akanipigapiga bega, akaenda zake.

Nikisoma betri, mama wa watu atarudi nyumbani na mkoba wake, hajapewa hata kidogo cha mwanawe. Dada atajifunika tena. Nikisema ya miwani, watacheka, najua watacheka — na marehemu ataanguka kwenye ngazi pamoja na Mheshimiwa, na mimi nitabaki safarini mpaka nife. Ningekuwa na roho mbaya ya kutosha ningeshaamua. Hata roho mbaya nimenyimwa!

Msimamizi wa jukwaa amegonga. Taa nyekundu imewaka, kila sauti inanaswa. Nimesimama. Nimekaa tena. Karatasi imelowa jasho.

Kwikwi!

Kimya.

Sijatoka hata, nani kamchekesha? Nimetega sikio mlangoni. Ni yeye mwenyewe — anamsimulia mama mkwe ya miwani, hawezi kunisubiri. Lakini anaanza na "hutafuti kwa moyo". Anaanzia mwisho! Mama wa watu anauliza nani hatafuti, anatafuta nini. Dada anacheka peke yake, anarudi nyuma, anairuka sehemu yote ya kitanda. Anaiharibu! Jamani, kwanza miwani, kwanza sisi chini ya kitanda, halafu ndipo —