Ndiyo Yangu Bungeni

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Assalamu alaikum. Hujambo, mama? Kifua kimepoa na baridi ya Nairobi? Sisi wazima, alhamdulillahi. Babako amemaliza kuezeka jiko.

Umeniuliza kwa nini wakili hodari kama Zuhura aliacha mahakama akaingia siasa. Mimi nilimjulia Jeddah, nikifanya kazi za nyumbani kule mtaa wa Ruwais. Mkataba wangu ulikuwa wa Kiarabu, nikautia dole gumba bila kusomewa. Basi kila Ijumaa madam akinipeleka kwa dadake nikafue. Zuhura alikuja Umra, akasikia Kiswahili changu dukani Balad, tukasalimiana, nikamwonyesha nakala ya mkataba niliyokuwa nayo mkobani. Kiarabu anakijua. Kesho yake akaja nyumbani, akanywa kahawa, akamsomea bosi ule mkataba polepole: kazi ni nyumba moja, na Ijumaa ni mapumziko. Bosi akamgeukia mkewe. "Halas, basi. Haendi tena."

Mimi nilifurahi, lakini yeye alikuwa na mawazo. "Shangazi, nimemsomea mmoja. Na wengine?"

Miaka ikapita, akachaguliwa bunge la kaunti. Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba mtu wetu asisafirishwe kwenda kazi ng'ambo kabla ya kusomewa mkataba kwa Kiswahili. Alinialika. Spika alipouliza wanaokubali, nami kule juu kwa wageni nikapaza sauti, "Ndiyo!"

Askari akaninong'oneza, "Mama, wageni hawapigi kura!"

Spika mwenyewe akacheka. Hoja ikapita, mashallah. Yangu haikuhesabiwa, lakini Zuhura anasema aliisikia.

Nijibu upesi, mama.

Nyanya yako