Koti la Masanja

Nyamahanga, Jumatano, Februari 1979

Amejikuna tena mpaka tumbo limetoka damu, huyu Tuone, na bado ni mtoto wa mbwa. Nimemnyima maziwa, nimemnyima dagaa, nikidhani ni chakula kinachomwasha, bure.

Jana bwana mifugo alipokuja joshoni kuogesha ng'ombe nilimwonyesha, nikamweleza na anapolala, akasema: "Mama, ni vumbi la hilo koti kuukuu analolalia. Lifue kwa sabuni au litupe."

Litupe! Koti la mume wangu, alilolivua siku ile anapanda lori kwenda vitani. Hatujapata neno lake mpaka leo.

Asubuhi sabuni imefika duka la kijiji. Nimelifua huku nalia. Lilipokauka nikamtandikia Tuone.

Amelinusa pande zote, akaliacha, akaenda kulala mlangoni.

Nami nimelinusa. Harufu ni ya sabuni tu.